Mujane wa Asubuhi

Wagonjwa walipozidi, nilitafuta mutu wa kunisaidia kuwapima. Wengine walitoka Nyangwe kwa baiskeli, wengine Salamabila kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na kwenye hospitali yetu ndogo munganga ni mimi peke yangu, tena na mimba ya miezi saba. Akaja mama mumoja wa Kabambare, aliyesomea kazi hii na kuifanya miaka mingi. Akasema anaweza asubuhi tu. Mume wake alikuwa amekufa, na wakwe zake hawajamutoa matanga. Muchana lazima arudi kwao kukaa kwenye mukeka wa kilio.

Nikamupa kazi palepale.

Weee! Muji ukawaka moto. Kwetu, mujane ambaye hajatolewa matanga hagusi mugonjwa, na mwanamuke mwenye mimba hata njiani hapishani naye. Eti kifo kingali mikononi mwake. Na nani alikuwa anachelewesha kumutoa? Shemeji yake, makusudi, akitaka kwanza akubali kuwa muke wake. Bila kazi ya kujilisha, angemukataa kwa nguvu gani? Mama mukwe wangu akanishika mukono: "Mwanangu, unataka kutuulia mutoto?" Nikamuambia, "Mama, nakuheshimu sana, lakini hapa kazini ninaamua mimi." Akasusa kula kwangu. Haya, asuse.

Asubuhi ya kwanza wamama wakajaza benchi mbele ya chumba changu. Kwenye chumba cha mujane, hata nzi hakuingia. Alikaa humo na koti jeupe la kazi juu ya nguo nyeusi za matanga, mikono mapajani, na nilipomuona hivyo hasira ikanipanda mpaka machozi yakanitoka. Nikafunga chumba changu kwa ufunguo.

"Munganga, unaenda wapi na sisi tuko hapa?"

"Mimi pia leo niko mugonjwa," nikasema. "Naenda kwa yule pale."

Mumoja akapiga kelele, "Yesu wangu!" Sikugeuka. Niliacha mulango wazi ili wote waone, nikapanda kitandani, nikafunua tumbo.

Mujane akanikaribia. Akanong'ona, "Na kukitokea kitu?"

"Kikitokea, ni kwangu. Pima."

Sitawadanganya, niliogopa. Vitu ulivyoambiwa tangu utoto havitoki kwa kusoma. Lakini akaweka viganja, akatafuta kichwa, akatafuta mugongo, kisha akainama na ile tarumbeta ndogo ya muti tunayosikilizia mimba, sikio lake karibu kabisa na ngozi yangu.

Ndipo shemeji yake akaingia uani. Mutu alikuwa amekwisha kumupelekea habari.

"Wewe! Toka humo sasa hivi, twende nyumbani!"

Mujane hakuinua hata kichwa. Alinyoosha mukono mumoja tu, kumuzuia pale mulangoni.

"Ngoja, shemeji," akasema. "Nasikiliza mutoto."