Shahidi wa Sheria ya Nta

Mzee Ngollo wa Sikonge alikuwa mtu wa mambo mawili: mizinga yake ya nyuki na safari yake ya pwani. Mizinga alikuwa nayo arobaini. Safari alikuwa nayo moja tu, lakini aliisimulia kila palipokuwa na pombe, na kila mwaka ilizidi kurefuka. Enzi za misafara, kijana wa Kinyamwezi ambaye hajabeba pembe mpaka Bagamoyo hakuhesabiwa mwanamume. Ngollo alikwenda, akakaa miezi minane, akarudi na kaniki moja na maneno mengi. Wenzake aliotoka nao hakurudi hata mmoja, ndui iliwamaliza njiani, kwa hiyo hakukuwa na wa kumbishia. Mimi nilikuwa karani wa baraza la Mtemi, na nakiri hadithi ile ilinichosha kuliko kazi yenyewe.

Mwaka 1934 Mtemi alitoa amri: kila kaya ilete donge moja la nta kwa mwaka, wawe wagonjwa au wazima. Nta iuzwe, zahanati ipate dawa, na atakayeugua atibiwe bure. Watu walinung'unika, kisha wakatii, kama kawaida yetu. Ngollo peke yake alikataa.

"Mimi sijaugua tangu enzi za Mjerumani," aliniambia, amesimama mlangoni pangu. "Nilipie homa za Masolwa? Mtemi kaipata wapi nguvu hiyo? Andika, Karani. Mwandikie Bwana Shauri."

Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Baada ya mwezi Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akaja kutoka Tabora na kitabu cha sheria, akaketi barazani, akapekua. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imewaruhusu watemi kuamuru mambo kadhaa: pombe, moto wa porini, vyoo, mbung'o. Kuhusu ugonjwa ambao haujafika, kitabu kilinyamaza. Ngollo alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Lakini," akasema Bwana Shauri, "Mtemi anaweza pia kuamuru jambo ambalo ni mila yenu ya zamani. Je, ipo mila ya walio wazima kuwachangia wagonjwa?"

Wazee wakatazamana. Mtemi, ambaye hakuwa mjinga, akageuza kichwa taratibu.

"Mzee Ngollo," akasema, "hebu mweleze Bwana ile habari ya ushanga."

Magego yakafichwa. Sikonge nzima iliijua habari ya ushanga, maana ndiyo ilikuwa sehemu tamu kuliko zote katika hadithi yake. Kabla msafara haujatoka, kila mpagazi alimkabidhi kirangozi, kiongozi wa msafara, uzi mmoja wa ushanga, na asiyetoa hakupewa mzigo. Mtu akiugua njiani, ushanga ule ulimnunulia dawa na chakula, na wenzake walimbeba kwa machela, hata kama walikuwa hawampendi. Hakuna aliyeachwa.

Jasho lilimtoka mzee wa watu. Akisema mila hiyo haikuwapo, nta yake imepona, lakini yeye ni mwongo wa miaka arobaini, na pengine hata pwani hakufika. Akisema ilikuwapo, amempa Mtemi sheria aliyokuwa ameikosa. Masolwa, jirani yake, ambaye alikwisha kutoa nta yake na kujuta, alimkonyeza akane. Mkewe Nyamizi aliinamisha uso.

"Ilikuwapo," akasema Ngollo. "Kila mtu alitoa. Na mimi nilitoa."

Bwana Shauri akaandika, akagonga muhuri. Amri ikawa halali kwa ushahidi wa mtu aliyeipinga. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, ila kwa siri, maana karani haicheki sheria hadharani. Watu wakambandika jina la Baba Sheria, na Masolwa hakumsalimia wiki nzima.

Donge lake alilileta mwenyewe. Nikaandika jina lake daftarini. Hakuondoka.

"Karani, Bagamoyo sikufika."

"Nilikisia, mzee wangu."

"Niliishia Tura. Miguu ilivimba, nikashindwa kusimama. Mzigo wangu wakagawana. Posho yangu nayo wakagawana. Wakanipita mmoja mmoja, watu niliokua nao. Mwanamke wa Kikimbu aliyetoka kuokota kuni ndiye aliyeniokota na mimi. Nikakaa kwake mpaka nikapona."

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, na kweli Tura si mbali. Nilikuwa na utani wa kumrushia, nikauacha, nikauliza.

"Na ushanga?"

"Hakuna aliyetoa ushanga. Niliutunga mwenyewe, nimelala pale chini, nikiwatazama migongo."

Nilimwonea huruma, na kicheko changu kikanitia aibu. Kisha ukarani ukanirudia: ushahidi wa uongo, amri batili.

"Nimwandikie Bwana Shauri, mzee? Aifute?"

Alishtuka, akaweka kiganja juu ya daftari langu.

"Ukiifuta," akasema, "nikianguka tena, nani atanibeba?"