Binamu Aliyenivuta Mbio

Msimu wa mashindano ukikaribia, lazima atokee mwalimu kijana wa mbio wa kuniuliza: mama, huyu binti nimtafutie mtu wa kumvuta? Nami hujibu kwa ukali kuliko swali lenyewe linavyostahili. Hapana. Mwaka mzima mvute ukitaka, lakini ubingwa ukikaribia mwache akimbie bila mtu mbele yake. Wananiona mkorofi. Mmoja alinifungulia simu yake nione mbio za Ulaya: mtu anatangulia, wenzake wanamfuata kama vifaranga, halafu anatoka pembeni na wao wanamaliza kwa muda mzuri. Nikamwambia, sawa mwanangu, hizo ni mbio za kutafuta muda. Kwenye ubingwa huyo wa kutoka pembeni hayupo. Kila unayemwona pale kwenye mstari amekuja kuchukua, hakuna aliyekuja kukusindikiza.

Haya sikuyasoma popote. Nilifundishwa na mtoto wa shangazi yangu, na somo lenyewe liliniuma.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya Bariadi, ambayo tuliyazoea yakiwa na chumvi na viberiti tu, yalijaa sabuni za kila rangi, kanga, betri, mafuta ya kujipaka. Wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia vijijini na malori yao, na chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua peke yake kikaanza kuyumba. Mimi na binamu tulikuwa vibarua kwenye kiwanda cha pamba cha ushirika huo, na kiwanda kilikuwa na timu ya riadha. Timu hiyo ndiyo iliyotufanya tuitwe wanamichezo, maana bila ile tulikuwa wanawake wawili wenye pamba kwenye nywele.

Mimi nilikimbia mita elfu moja na mia tano. Nilikuwa mzuri, nasema bila haya, kwa sababu nikikaa kimya hakuna mwingine atakayesema. Lakini tulishaambiwa kwamba msimu ule ndio wa mwisho kwa timu. Ushirika haukuwa tena na uwezo wa kulisha watu wanaokimbiakimbia. Mashindano ya mkoa yangefanyika Shinyanga mjini, na katika kila mbio ni mshindi wa kwanza tu ndiye angekwenda taifa. Huko taifa kulikuwa na taasisi ambazo bado ziliajiri wakimbiaji. Ukionekana, unachukuliwa, unapata mshahara wa kukimbia. Nilitaka hicho kitu mpaka nikawa nakiota. Kiwandani walikuwa wameanza kupunguza watu, na pamba ya baba nilikuwa nimeilima vya kutosha.

Binamu kazi yake ilikuwa kunivuta. Ndivyo mwalimu wetu wa mbio, mwalimu wa shule ya msingi aliyetufundisha jioni kwa mapenzi yake, alivyopanga. Binamu anatangulia kwa mwendo mkali mizunguko miwili, mimi nimemganda mgongoni. Mwisho wa mzunguko wa pili kulikuwa na mwarobaini pembeni mwa uwanja. Akifika pale anatoka, anakaa kivulini, nami namalizia peke yangu. Mwalimu anabonyeza saa yake, anatabasamu.

"Haya nenda, bibi mkubwa," binamu alikuwa akinitania akishatoka. "Sisi watumishi tunakula michembe."

Na kweli alikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, amevifunga kwenye pindo la kanga yake pale chini ya mti. Mtoto wa shangazi ana ruhusa ya kukusema lolote, na mimi nilimrudishia. Nilimwambia amezaliwa kwa ajili ya kivuli. Tulicheka. Hata raba tulizonunua pamoja sokoni, za mtumba, kwa mfanyabiashara mmoja mpole aliyekuwa akisali dukani kwake katikati ya marundo, nilizivaa mimi. Binamu alikimbia peku. Wakati ule hakuna aliyeona jambo hilo, si yeye, si mimi.

Wiki moja kabla ya safari, tukiwa tunarudi kutoka uwanjani, binamu aliniambia, "Kesho kimbia bila mimi."

"Kwa nini?"

"Jaribu tu. Je, siku ile nikiumwa tumbo?"

Nilimwambia aache uchuro. Siku ya pili akamwambia mwalimu. Mwalimu alifikiri kidogo, akatazama saa yake kana kwamba jibu limo ndani, akasema muda wetu ulikuwa mzuri sana, tusibadilishe dawa mgonjwa anapopata nafuu. Alimwandikisha binamu naye kwenye mbio zile zile, kwa kuwa wilaya iliruhusiwa wakimbiaji wawili, ili nisikose mtu mbele. Nilifurahi.

Sasa ngoja niseme kinachonikera hadi leo. Mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe. Tena si nyuma, ni mbele: utoto wangu wote kazi yangu shambani ilikuwa kuwaongoza maksai, kushika kamba na kutembea mbele yao huku baba ameshika jembe nyuma. Kila Msukuma anajua kwamba maksai wapya huongozwa. Na kila mwaka, kabla mvua hazijashuka, baba aliwafunga nira wale wa mwaka uliopita, akawafungia gogo, akaniambia, "Achia kamba, njoo huku nyuma." Ng'ombe walisimama. Walisimama pale pale kama wameota mizizi, wanatazama mahali nilipokuwa. Baba aliwachapa kidogo, akawasemesha, akawangoja, siku baada ya siku, mpaka wakakubali kwamba mbele hakuna mtu na njia bado ipo. Hakungoja mvua inyeshe ndipo ajue. Mtoto wa miaka saba wa kwetu analijua jambo hili kwa ng'ombe. Mimi mtu mzima sikulijua kwa miguu yangu.

Tulikwenda Shinyanga juu ya lori la ushirika, tumekaa kwenye marobota ya pamba. Tulipita Nyalikungu asubuhi, watu wakatupungia, nami nikawapungia kama mtu aliyekwisha kushinda. Uwanjani wasimamizi walitukusanya, wakasema hakuna kubebana, kila mtu akimbie mbio zake. Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilidhani maneno yale yanawahusu wengine.

Filimbi ilipolia, binamu akatangulia kama kawaida. Nikamganda. Nyuma yangu kulikuwa na msichana mmoja wa Lalago, mrefu, ana miguu kama ya korongo, niliyekuwa nimeambiwa nimwogope. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili vilevile. Niliona kisigino cha binamu kinapanda na kushuka mbele yangu, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Nilikuwa nangoja atoke.

Hakutoka.

Mzunguko wa pili uliisha, tukaingia wa tatu, na kile kisigino bado kiko mbele. Nilikasirika palepale, nikikimbia. Nikasema moyoni, huyu anafanya nini? Nikangoja kwenye kona. Nikangoja tena kwenye ule mstari mrefu wa nyuma. Watu walikuwa wakipiga kelele na mimi sikuelewa wanampigia nani. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikagongwa, na binamu, peku, akaondoka. Hivyo tu. Aliongeza mwendo ambao sikuwahi kuuona kwake, kwa sababu siku zote ilipofika sehemu ile alikuwa amekaa anatafuna michembe. Nilijitahidi. Yule wa Lalago naye alinipita kwenye kona ya mwisho. Nikawa wa tatu, na wa tatu haendi popote.

Binamu alishinda. Mwalimu alisimama na saa mkononi, mdomo wazi, hata kuibonyeza alisahau.

Nilimfuata binamu alipokuwa ameinama anatafuta pumzi, na kabla sijampa hongera nilimwuliza, "Mbona hukutoka?"

Aliinua uso. Hakuwa na furaha ya mshindi, alikuwa na uso wa mtu aliyechoka na kushangaa. "Nilikungoja upite," akasema. "Nilipunguza mwendo. Nawe ukapunguza. Nikapunguza tena, ukapunguza tena. Nikaona wa Lalago anakuja. Ningetoka pale, wewe ungesimama, binamu. Ningefanya nini?"

Nilikwenda nikakaa nyuma ya jukwaa nikalia, na kilio kile kilikuwa cha hasira tupu. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Nilikuwa nimekaa robota moja na yeye lingine, maana lori lilirudi na pamba yake, na kichwani nilijiambia kikulacho ki nguoni mwako. Amenizunguka. Amenila. Huyo uliyempa nafasi ya kukusaidia ndiye anayekwapua. Nilimsema rohoni mwangu maneno ambayo hata utani wa binamu hauyaruhusu.

Lakini lori lile lilikwenda polepole, na mtu aliyekaa juu ya pamba hana la kufanya ila kufikiri. Nikaanza kuzirudia mbio zile kwa miguu yangu, si kwa hasira. Na miguu ilikumbuka. Ni kweli alipunguza. Ni kweli mimi nilipunguza. Nilikuwa na nguvu, pumzi ninayo, njia ya kupita ilikuwa wazi mkono wa kulia, pana kama barabara, na mimi nikabaki pale mgongoni mwake namngoja mtu aachie kamba. Nikawaona wale maksai wa baba, wamesimama shambani wakitazama mahali nilipokuwa. Tulipofika Nyalikungu jua likiwa linazama nilikuwa nimejua. Mwaka mzima tulidhani ni mimi ninayefanya mazoezi ya ubingwa. Aliyekuwa anakimbia kila siku bila mtu mbele yake, anapasua upepo, anaamua mwenyewe mwendo, alikuwa binamu. Alichokosa ni kuruhusiwa kumaliza.

Kujua si kupoa. Nilikaa siku kadhaa sijamwamkia. Kiwandani tulipishana kama watu wasio na bibi mmoja. Nilikuwa nimepoteza kitu nilichokitaka kuliko vyote, na kwamba hakuniibia hakukunirudishia. Mama ndiye aliyenikata kauli. Nilikuwa nikilalamika jikoni, akaendelea kusonga ugali wake bila kugeuka, akasema, "Angesimama yeye, leo ungekuwa unamlilia mtu wa Lalago. Afadhali huyu tunakula naye." Mama yangu hakuwa na subira na machozi ya watu wazima.

Jioni moja mwalimu alikuja kiwandani wakati tunatoka. Alisimama pembeni mpaka wenzetu wakapungua, akanisalimia mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni, ishara kwamba ana jambo zito na ameshachanganyikiwa. Alitaka nimvute binamu. Mashindano ya taifa yalikuwa karibu, alikuwa anahitaji mtu wa mbele, na hakuna mwingine wa mwendo ule Bariadi nzima. Nilitamani kumtukana. Nilisema nitakuja, kwa sababu kukataa kungekuwa kukiri kwamba bado nauma vidole.

Nilikwenda na zile raba mkononi. Nilimkuta binamu ananyoosha misuli chini ya mwarobaini. Nikaziweka mbele yake.

"Zivae," nikasema. "Huko taifa watakucheka miguu."

Alizitazama, akazivaa, akafunga kamba taratibu. Kisha akamwambia mwalimu, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, kwamba yeye hahitaji wa kumvuta. Hajawahi kuvutwa, akianza sasa atapotea. "Lakini huyu atangulie," akasema akinionyesha kwa kidevu. "Mimi nitakaa nyuma. Yeye ndiye hajawahi kukaa mbele."

"Mimi siendi popote," nikasema. "Nikae mbele ili iwe nini?"

"Ili siku nyingine usiningoje."

Mwalimu akainua saa yake. Nilitangulia. Na hapo ndipo nilipoyajua niliyofichwa na mgongo wa mtu mwaka mzima. Mbele kuna upepo. Unakuja usoni na vumbi lake, na hakuna anayekukinga. Hujui unakwenda haraka mno au polepole mno, na hakuna wa kumwuliza. Nyuma yangu nilisikia pumzi za binamu, karibu kabisa na shingo, na nikashtuka nikafikiri: hivi ndivyo alivyonisikia mimi siku zote, mtu anakupumulia mgongoni anangoja utoke. Nilimwonea huruma, kisha nikamwonea wivu, kisha nikaacha yote mawili kwa kuwa miguu ilianza kuuma.

Mzunguko wa kwanza ukaisha. Wa pili ukawa unaisha. Mwarobaini ulikuwa unakuja, na kivuli chake, na kanga ya binamu chini yake na fundo la michembe. Mwalimu alikwisha kusogea pembeni kunipisha nitoke, kama alivyozoea kumpisha mwenzangu.

Nilipofika pale sikutoka. Nilipita, nikashika kona ya mzunguko wa tatu, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Nyuma nikamsikia binamu anacheka, huku anakimbia.