Boriti Mbili Zilizoinama Upande Mmoja

Woinshet Mekuria alikuwa na jicho la balaa. Baba yake alifuma shuka za pamba kule Debre Markos, na tangu utotoni yeye ndiye aliyeitwa kuonyesha uzi uliokwenda kombo. Ukubwani akaangukia kwenye vyuma. Miaka kumi na tisa sasa alikuwa akipima boriti za madaraja kwa rula na timazi, uzi wenye uzito mwishoni. Kubembeleza mtu kwa maneno matamu hakujua kabisa.

Asubuhi ile, juu ya bonde la mto Jema, boriti mbili za chuma zilikuwa zimeshalazwa juu ya nguzo, zimeunganishwa kwa vyuma vya msalaba ili zisipinduke. Kesho yake zege lingemwagwa, na watakaosimama juu yake ni kaka yake Tilahun na wenzake kumi na wawili.

Woinshet akashusha timazi katikati ya boriti. Ukingo wa juu ulikuwa umetoka nje vidole viwili. Akaenda kwenye ya pili: vidole viwili, upande uleule.

"Injinia, hizi zimeinama pamoja."

Yared, kijana mpole aliyesoma mpaka basi, akacheka. "Mama, vidole viwili kwenye mita arobaini? Hakuna chuma kilichonyooka duniani. Na zimefungwa."

"Zimefungwa zenyewe kwa zenyewe! Walevi wawili wakishikana mikono huku wote wanaelekea mtaroni, nani atamzuia mwenzake?"

"Hesabu inasema zitahimili."

"Hesabu ya boriti iliyonyooka hiyo. Nipe mifuko hamsini ya saruji, ujionee."

Woinshet akachora alama pale timazi ilipoishia, kisha mifuko ikapandishwa, ikapangwa katikati. Jamani! Chuma kizito vile kikaanza kulala taratibu, kimya kimya, na timazi ikaiacha alama kwa nusu kidole. Hata Woinshet aliyelitegemea jambo hilo alirudi nyuma hatua moja. Kosa dogo namna ile, na mzigo ulikuwa umelitafuta, umelipata, umelikuza.

"Shusheni mifuko!" Yared alipaza sauti. "Tufanyeje, mama?"

"Moja tuigeuze, kichwa kiende mkiani. Kombo la hii litaangalia huku, la ile kule. Hapo zitazuiana kweli. Na misalaba ya katikati uiongeze."

Kazi hiyo ikala siku nzima. "Dada ana wivu," Tilahun alilalamika, "hataki tumalize mapema niwahi harusi ya rafiki yangu!"

"Nyamaza, vuta kamba."

Siku iliyofuata, zege lilipoanza kumwagwa, Woinshet alisimama kwenye jukwaa la chini, macho yameganda kwenye timazi. Tani juu ya tani zikaingia, juu watu wakipiga kelele na kucheka. Timazi ikasogea unene wa ukucha, ikatulia. Akakaa chini.

Jioni Tilahun akateremka, zege mpaka magotini. "Haya, imesogea kiasi gani?"

Akamwonyesha ukucha.

"Na kama tungelimwaga zikiwa vile zilivyokuwa jana?"

Woinshet akautazama mto chini kabisa, mwembamba baina ya mawe. Akamkumbatia kaka yake na zege lake lote, akakataa kumwachia.