Kidonge cha Kabla ya Upepo

Asubuhi hii upepo bado umelala. Penina, mkazi wa Nkuhungu, amesimama kando ya lundo la uwele uliokwisha kupurwa, ungo mkononi, akitazama nyasi zisizotikisika.

Leo mwenye shamba anamjaribu. Chafya zikimlemea tena, kazi ya kupepeta itakwenda kwa jirani yake, Anitha, hadi msimu uishe. Na Penina hulipwa uwele huohuo. Akikosa kazi, chungu chake nacho kinakosa.

Kila makapi yanapoanza kupaa, pua ya mama huyu hugeuka mfereji, na macho humwasha mpaka haoni ungo. Mzio huo humvizia kila mavuno.

Alipopata dawa, aliitumia kama wengi wetu: akasubiri chafya zimshike ndipo ameze. Dakika chache zikapita bila nafuu. Akaona kidonge kimoja ni dhaifu, akaongeza cha pili, kisha akaegemea magunia apumzike kidogo.

“Nililala fofofo,” anasema, akijicheka. “Ndotoni nimepepeta lundo zima, makapi yanaelea kama mawingu, nami naimba. Kufumbua macho, upepo umekwisha na lundo liko palepale linanitazama!”

Hilda, mwenye shamba, hakucheka hata kidogo.

Hamidu, mfamasia wa Makole, ndiye aliyemfungua macho. “Mama, dawa hii haifanyi kazi papo hapo. Huchukua kama saa nzima kukolea. Meza kabla ya upepo, tena kimoja tu kwa siku.” Akambadilishia nyingine isiyoleta usingizi sana.

Basi leo amemeza na uji, jua likichomoza. Sasa nyasi zinaanza kuinama. Penina anainua ungo. Punje zinamiminika, makapi yanapaa taratibu, ya dhahabu, yakielekea vilimani bila haraka yoyote.

Pua inamtekenya. Anapiga chafya moja, anatulia, anaisubiri ya pili. Haiji.

“Kesho uje tena, mama Gladness,” anasema Hilda, akimwita kwa jina la mwanawe.

Penina anashusha ungo, macho makavu, uso wote tabasamu.

“Nikipata debe langu nitasonga ugali wa uwele mpya,” anasema. “Watoto huniambia unanukia vizuri sana. Miaka yote nimekuwa nikiwaamini tu. Mwaka huu nataka niisikie harufu yake mimi mwenyewe.”