Upande wa Ukutani

Nakumbuka asubuhi moja ya matope pale soko la ng'ombe Dagoretti, mwanangu, nikimfuata Cucu Wangari, cucu ndiyo nyanya kwa Kikuyu, ili nimshikie kamba. Cucu alikuwa mwenye ploti niliyopanga kule Uthiru, mjane, na zizi lake halikukosa ng'ombe wa maziwa. Mimi nilikuwa msichana wa kutoka magharibi, shule niliiacha darasa la tatu, na riziki yangu ilikuwa kuosha matumbo machinjioni. Jioni nilipigana ngumi. Na wakati huo ninaokuambia nilikuwa bingwa. Mkanda wangu ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, na watoto wa ploti walikuwa wakija kuugusa.

Muuzaji mmoja alikuwa na ng'ombe mnene, mzuri, amembana ubavu kwenye ukuta. Akamsifu kiwele, akamsifu miguu. Cucu hakutazama kiwele.

"Mgeuze," akasema.

"Ya nini, Cucu? Si ng'ombe ni ile ile?"

"Geuza. Mimi hununua pande mbili."

Akamgeuza. Cucu akapitisha kiganja karibu na jicho lililokuwa upande wa ukutani, polepole, kama mtu anayefukuza nzi. Jicho halikupepesa. Watu wakaangua kicheko, muuzaji akatukana chinichini, nasi tukaenda zetu.

Njiani nilikuwa bado nacheka. Cucu alitembea kushoto kwangu akizungumza habari za nyasi za nepia, jinsi jua lilivyozichoma. Mara akaniuliza:

"Wewe Mluhya wangu. Mkono wangu uko wapi?"

Nikageuza kichwa. Kiganja chake kilikuwa pembeni mwa uso wangu, na sikujua kilifika pale saa ngapi.

"Hilo jicho halioni," akasema.

"Linaona, Cucu. Niko fiti."

"Ng'ombe hasemangi yuko fiti. Ndiyo maana mimi huamini ng'ombe."

Mwanangu, Nairobi hii ina maneno mengi, lakini hilo ndilo lililonimaliza. Ukiulizwa habari ya asubuhi, niko fiti. Umelala njaa, niko fiti. Nilikuwa nimeona vimulimuli vikiruka kwenye jicho hilo tangu mvua za kwanza, na kila aliyeniuliza nilimpa jibu lile lile. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani wanasema kifo cha mwili mzima tu.

Utauliza, je, daktari wa mchezo hakunipima? Alinipima. Alikuwa na karatasi ya herufi ukutani, kubwa juu, ndogo chini. Nilimwomba mwenzangu aliyetangulia kuingia anitajie herufi zile, nikazikariri kama Baba Yetu. Mimi ninayeandika hata jina langu kwa kusitasita, siku hiyo nilisoma mpaka mstari wa mwisho jicho zuri likiwa limefunikwa. Daktari akanisifu.

Cucu aliposikia kwamba nimeruhusiwa kupigana, alikuja mlangoni kwangu, akautazama ule mkanda.

"Huu utakushika mkono kuvuka barabara?" akaniuliza.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilikuwa usoni.

Pambano lilikuwa kwenye ukumbi mmoja mjini kati, na watu walijaa mpaka milangoni. Msichana niliyepigana naye hakuwa mjinga. Raundi mbili hakujua. Ya tatu akajua. Akaanza kuzunguka upande wangu wa ukutani, na ngumi zikatoka mahali ambapo kwangu hapakuwa na kitu. Refa akanishika mabega. "Uko sawa?" Nikamwambia niko fiti.

Nilishinda, mwanangu. Kwa pointi. Waliniinua mkono, nikapungia watu wa kulia. Wa kushoto walikuwa wanapiga kelele kuliko wote, na sikuwageukia, maana nilidhani zile kelele ni mwangwi.

Kulipokucha, pazia jeusi lilikuwa limeshuka. Hospitalini waliniambia tu kwamba nilipaswa kuja nilipoanza kuona vimulimuli. Mkanda ukapata mwenyewe mwingine, kama unavyopaswa kupata. Watoto wa ploti wakaacha kuja. Jiji hili hukupokea kwa vifijo, lakini kukusindikiza halijui.

Cucu alikuja na maziwa. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Hakusema. Alikiweka kikombe upande wa kulia, akakaa upande wa kulia, na mpaka siku tuliyomzika hakuwahi kuniwekea kitu kushoto.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuambie haya.

Mjukuu wangu Naliaka naye anapigana. Jumapili iliyopita alikuja kunipigia hadithi zake, maana Jumamosi hii anagombea mkanda. Kiti anachokipenda ni kile cha mlangoni, chenye upepo. Siku hiyo alikipita, akaketi kwenye kochi, bega la kushoto limebanwa ukutani.

Nikamtazama kwa hili moja nililobaki nalo.

"Naliaka, hamia huku."

"Niko poa hapa, Kukhu."

"Nyanya yako amekuambia hamia."

Akahama. Nikapitisha kiganja pembeni mwa uso wake. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa ameketi mbele yangu akinywa chai, na jicho lake halikupepesa.

"Daktari alikupima?"

"Alinipima. Nilipita."

"Nani alikutajia zile herufi?"

Akaweka kikombe chini. "Kukhu, ni hii moja tu. Nikishinda naenda hospitali, haki ya Mungu. Usiniharibie."

Akachukua begi lake. Akitoka, aligonga bega kwenye fremu ya mlango, upande ule ule. Hakugeuka. "Niko fiti," akasema.

Kesho asubuhi naenda kwa kocha wake, na kutoka hapo kwa huyo daktari. Nitawaeleza kila kitu. Najua mtoto atanichukia, labda mpaka nife. Heri anichukie huku ananiona.

Basi mwanangu, uwe wa ngumi au wa jembe, kinachokuuma kiseme kingali kidogo. Anayekuuliza kwa upendo mjibu ukweli, hata kama ukweli utakunyima ulichokitamani. Na ukimwona mwenzako amebana upande mmoja ukutani, usimsifu kiwele. Mgeuze.

Mungu akuhifadhie macho yako mawili. Akupe wa kukugeuza, na akupe moyo wa kugeuka. Na wangu huyu, Bwana, mwachie hata moja.