Mstari Mmoja wa Shangazi Cordelia

Shangazi yangu Cordelia Stokoe alijifunza kuteleza juu ya barafu ambayo baba yake aliiuza. Kila Januari Babu Enoch alikata barafu ya bwawa letu kwa msumeno, akaifukia kwenye unga wa mbao ghalani mpaka kiangazi. Shangazi aliwahi kabla ya farasi wa kuvuta barafu, akachora nane zake, umbo la tarakimu 8, kwa mabapa ya chuma ya viatu vyake vya kutelezea, na kufikia saa nne asubuhi nane zile zilikuwa zimekatwa vipande vya kuuzwa.

"Watu wa Boston wanapoza maziwa kwa kazi yako," Babu alimtania.

Hakuwa na mwalimu. Alishikilia jambo moja tu: kupita mara tatu juu ya mstari uleule.

"Mara tatu za nini, Delia?" mama yake aliuliza. "Njoo ukande mkate."

Hakukanda. Ukaidi kwetu ni wa kurithi.

Mwaka 1914 klabu ya mjini ilileta mashindano yake kwetu, maana barafu yao ilikuwa imelainika. Mshindi angekwenda kushindana New York. Shangazi hakuwa na mwaka mwingine: harusi yake ilikuwa Agosti, na mchumba wake, Walter, alikwishasema mkewe hatateleza mbele za watu.

Akateleza nane yake, mara tatu. Waamuzi waliupa upepo migongo wakinywa kahawa bila kumtazama, kwani desturi yao ilikuwa kuhukumu alama zilizobaki kwenye barafu. Kisha mkubwa wao, Bwana Thayer, akapiga magoti kuikagua.

"Bi Stokoe, kanuni inataka mara tatu. Wewe umezunguka mara moja."

"Nimezunguka tatu, bwana. Watu wote wameniona."

"Hatuhesabu watu, binti. Tunahesabu mistari."

Babu akaingia na buti zake za kazi. "Tia ukucha hapo, mheshimiwa. Bapa likipita mara moja halichimbi hivyo."

"Mzee, wewe ni muuza barafu."

"Ndiyo. Na wewe unaipigia magoti."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza Shangazi. Thayer, kwa hasira ya kuchekwa, aliandika sifuri. Mpaka leo nikimkumbuka mtu yule damu inanichemka.

Kesho yake Babu alikata kipande pale maduara mawili ya nane yalipokutana, akakifukia kando na vingine.

Siku ya harusi joto lilikuwa kali, barafu ya kupoza maji ya ndimu ikaisha. Babu akakitoa kile kipande, akakipangusa. Mstari ulikuwepo. Walter akatia ukucha.

"Ni mara tatu kweli," akasema.

"Nikivunje?" Babu akamuuliza bintiye.

Shangazi alikuwa analia. Siku ya mashindano hakulia.

"Vunja, Baba. Wageni wana kiu."

Hakuvaa tena viatu vile. Sasa ninavyo mimi. Mabapa hayana hata doa la kutu, kwa sababu aliyapaka mafuta kila Januari, miaka arobaini na mmoja, mpaka alipokufa.