Jina nyuma ya kadi ya Idi

Ndugu na marafiki, niwieni radhi. Tangu tumzike mwanangu Idi sijaandika hapa.

Leo nilipeleka kadi zake za mchezo kuziuza kwenye duka moja la mtaa wa Chaussée d'Ixelles, huku ughaibuni.

Muuzaji, mama wa Bukavu, aliinua moja.

"Papa, hii ni kali! Inakupa nguvu tatu kwa zamu moja, mwenzako angali na moja. Donc, unamumaliza mbele hajapumua."

Nilijivuna. (Mimi, niliyeziita karatasi za upuuzi.)

Kisha akaigeuza.

"Aïe! Muntu gani aliandika jina huku nyuma? Kadi yenye alama wanaikataa kwenye mashindano."

Ni mimi niliyemwamuru Idi aandike. Shuleni kwetu Bujumbura kila kitu kiliandikwa jina, kwa wino.

Ndipo nikakumbuka. Siku moja, akiwa na miaka kumi na miwili, Idi alirudi kutoka mashindanoni akilia.

Nilimwambia mwanamume halilii karatasi. Hakunieleza sababu, nami sikumwuliza.

Muuzaji yuko tayari kuichukua, ichezwe na wanaocheza nyumbani tu. Idi angependa ichezwe. Lakini mwandiko ule ni wake.

Ninyi mngefanyaje? Kwa sasa iko mfukoni mwangu. Nikishaamua, nitawaandikia.